Bosi na zabibu za kijani

Shoga, kaa chini kwanza! Bosi wetu mpya leo kaumbuka kweupe.

Kampandisha mnunuzi mkubwa kilimani kwenye mizabibu, kifua mbele: "Shamba hili nalijua nje ndani." Nje ndani, jamani!

Mnunuzi kauliza mbona zabibu bado za kijani. Bosi, bila aibu: "Wiki ijayo zitakuwa nyeusi."

Nyeusi! Wiki ijayo!

Yule dada anayepogoa mizabibu, ambaye juzi bosi alimwita mjinga mbele yetu sote, kashindwa kuvumilia: "Bosi, hizi hubaki kijani hata zikiiva. Tumeanza kuzivuna jana."

Mnunuzi kachuma moja, kala, kamgeukia dada: "Basi nitembeze wewe."

Wakaenda zao juu wakipiga soga. Bosi kabaki kabeba mkoba wa mgeni.