Mate ya Baraka na Ukuta wa Mnara

Kaka yangu Nyaga,

Nakusalimu nikiwa mzima wa mwili tu, moyo usiuulize. Baba ameamkaje? Anameza uji? Na Mama, analala kidogo, au bado anakesha akimgeuza?

Unauliza kwa nini sikushika simu. Nyaga, hapa Uskoti nakaa ndani ya mnara. Bikizee ninayemtunza ndiye wa mwisho wa ukoo wa mabwana walioibiana ng'ombe na majirani karne nyingi zilizopita. Babu zake walijenga kwa woga. Chini hakuna dirisha. Adui akija, ng'ombe walisukumwa humo, watu wakapanda juu na kuvuta ngazi ya mbao. Hata nyanya yetu alilaza mbuzi ndani, ila yeye hakuwa na ukuta wenye unene wa kitanda. Ngazi za mawe za ndani zinazunguka, na kidato kimoja walikiinua makusudi ili mgeni ajikwae. Mimi nilianguka, bikizee akacheka mpaka akakohoa.

Ukuta huo haupitishi netiweki. Siku Baba alipoita watoto wote awabariki, nilikuwa chini nafua mashuka. Nilipopanda kwenye paa kuyaanika, meseji zako zikamiminika. Kwamba Baba aliuliza, "Wawira ako wapi? Mwambie akuje karibu." Kwamba ulimsogezea simu, akaitemea mate ya baraka akidhani niko kwenye laini, na wifi akacheka kisha akalia. Ya mwisho ilisema sauti yake imekwenda.

Nilikaa pale juu mpaka mvua ikayalowesha mashuka upya. Ukuta uliozuia mikuki umenizuilia baba yangu. Nimeomba ruhusa nije, wakala aliyenileta amekataa. Nimekata tamaa, kaka, sikufichi.

Nakuomba jambo moja. Sauti hana, lakini mate bado anayo. Chini ya jina langu nimeacha nafasi tupu. Msogezee karatasi hii midomoni, ateme kidogo kama alivyokutemea wewe kifuani. Iache ikauke kivulini, kisha unirudishie. Usiandike kitu hapo.

Nisalimie Mama, wifi, na shangazi wa Kiambere anayekuja kuwasaidia.

Na kama barua itafika Baba ameshatuacha, usinirudishie. Mtilie mfukoni mwa koti lake la kanisani, aende nayo hivyo hivyo tupu.

Mdogo wako,
Wawira