1,000,009 si namba tasa

Bur Dubai, Jumatano, Agosti 2007. Joto la leo halisemeki, na hasira zangu zimelizidi.

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kabla ya kuja kulinda lango la jengo hili, nilifundisha hisabati shule ya msingi Morogoro miaka tisa. Hapa anayejua ni Mutiso tu, mlinzi mwenzangu kutoka Machakos, naye huniita "mwalimu" kwa utani. Anayeniita hivyo kwa dhati amebaki binti yangu Neema, yuko darasa la saba. Mwezi uliopita waliambiwa kila mwanafunzi achague namba kubwa aieleze ubaoni. Nikamchagulia 1,000,009. Mbili haiingii, tano haiingii, tarakimu zake zikijumlishwa ni kumi kwa hiyo hata tatu haiingii. Nikahisi ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Kuhisi hakutoshi. Kipeuo chake cha pili kinapita elfu moja kidogo sana, hivyo ilibidi niigawe kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu. Ziko 168. Niliziorodhesha kwenye daftari, nikawa nagawa kwa kalamu pale langoni wageni wakipungua. Nikipata baki, naweka alama ya vema, naendelea. Wiki tatu nzima. Kisha nikamwandikia Neema: ni tasa, nimegawa kwa zote.

Leo mchana umeingia ujumbe wake. "Baba, mwalimu amepata 293 mara 3,413. Darasa zima wamenicheka."

Nimerudia kuzizidisha mara nne. Jibu ni 1,000,009 lilelile.

Nikafungua daftari. 293 ni ya mwisho kwenye ukurasa, ina vema yake, lakini pembeni hakuna hesabu yoyote. Nakumbuka siku ile: zamu imekwisha, basi la kampuni linapiga honi, nikaweka vema nikijiambia nitaigawa kesho. Ndivyo walinzi tunavyojaza daftari la doria hapa. Unaandika "salama" ya saa kumi ukiwa bado saa nane, umekaa kwenye kiyoyozi. Mutiso hujaza ya siku nzima kwa mkupuo. Nikimsema, hucheka: "Mwalimu, relax bana. Nani ataiba na hii jua?" Na mimi nilikuwa namwona mvivu!

Kinachoniuma zaidi si hesabu. Nilimjibu Neema kwamba ni uchovu, nilikosea kugawa.

Uongo. Sikugawa kabisa.

Akarudisha: "Usijali baba. Nimemwambia mwalimu wewe ulipatia, mimi ndiye niliyenakili vibaya."

Mtoto wa miaka kumi na tatu amebeba aibu yangu mbele ya wenzake ili mimi nibaki mwalimu. Nimesoma ujumbe huo hadi macho yakauma.

Kesho kabla ya zamu nitampigia mwalimu wake. Sijui nitaanzaje. Ila nitamwomba kwanza amwite Neema asimame karibu, asikie.