Malkia Haendi Gongoni

Jumatatu, 4 Julai 1955

Sitaki. Naandika kwa wino ili isifutike: SITAKI!

Imekuja barua ya Baba Mkubwa Hilari kutoka Gongoni. Nyumba nzima anayejua kusoma ni mimi, basi ikabidi niisome kwa mdomo wangu mwenyewe, Baba kakaa kwenye kigoda, Mama anapepeta mtama. Salamu tele, habari za duka, kikohozi chake. Halafu — Jumamosi anakuja kumchukua Malkia, amwongeze kwenye mahari ya mwanawe Tobias. Nikawaza niuruke mstari ule. Baba akasema, endelea. Nikaendelea. Mjinga mimi!

Malkia ni ng'ombe wangu, mtamba. Mama yake alikufa akimzaa, wiki ile tulipopewa chai ya sukari shuleni kwa sababu ya Malkia wa Uingereza kuvikwa taji. Nilimnywesha maziwa kwa kata, huku akininyonya vidole. Baba akasema, huyu wako, Tekla. Kwa kinywa chake!

Leo anasema alisema vile ili ninyamaze kulia. Lo!

Jumanne, 5 Julai

Mama kanieleza kama vile mimi mgeni hapa. Ng'ombe wengi wa zizi letu si wetu. Baba Mkubwa alimkabidhi Baba sita, mwaka aliozaliwa mdogo wangu Damas, na sasa wamefika kumi na mmoja. Maziwa yetu, samadi yetu. Ndama ni wake yeye, Malkia akiwemo. Wetu hasa ni watano tu. Ndiyo desturi, kasema, na Baba Mkubwa hajatuonea hata siku moja.

Nikauliza, na nani aliamka alfajiri kumnywesha Malkia? Baba Mkubwa? Hata hajui kwamba Malkia anaogopa kuku!

Kazi leo hazikuisha. Kupeleka ng'ombe visimani, kule njia ya zamani ya wapagazi. Kuzoa samadi. Kubandua kupe. Kusukasuka kibuyu cha maziwa mpaka mkono ukafa ganzi. Damas alijidai anaumwa tumbo. Tumbo gani! Chakula cha jioni kala sahani mbili.

Jumatano, 6 Julai

Mtamba Kidoa kafa. Ndigana, homa ya kupe. Tangu Jumapili alikuwa anahema tu na macho yanamtoka machozi. Huyu alikuwa wetu kabisa, rika moja na Malkia, mweusi wa madoa meupe kama yeye. Mgeni huwachanganya. Sisi hapana.

Nimelia, na sioni haya. Baba kamchuna, ngozi tumeiwamba juani kwa vigingi.

Bibi Kashindye, mama yake Baba, kasema kwa Kinyamwezi tumshukuru Mungu kafa wetu. Angekuwa wa Hilari, Baba angeibeba ngozi mpaka Gongoni, mwenyewe aione kwa macho yake. Bila ngozi, angeambiwa amemla.

Nimeitazama ile ngozi muda mrefu.

Alhamisi, 7 Julai

Ngozi inakauka vizuri. Sisemi kitu.

Ijumaa, 8 Julai

Nimejaribu mara ya mwisho. Baba alikuwa anaziba pengo la zizi kwa miiba. Nikamwomba ampe Baba Mkubwa ng'ombe wetu mwingine, yeyote. Kasema hawezi kumchagulia mtu mali yake. Kasema watu wanamwamini na ng'ombe wao kwa sababu hajamdanganya mtu tangu azaliwe, na hilo ndilo linalotulisha.

Nikamjibu: na mimi je? Uliponiambia ni wangu, hukunidanganya?

Kaendelea na miiba yake. Mama kanivuta sikio mpaka jikoni. Potelea mbali! Nimesema.

Jumamosi, 9 Julai

Nimefanya.

Asubuhi na mapema nilimswaga Malkia mpaka kambi ya Lukumani, mrina asali, ndani ya miombo. Nikamwambia nyumbani kuna ndigana, tunamtenga. Akaniamini, akanipa na kipande cha sega.

Baba Mkubwa kafika mchana na baiskeli. Shikamoo, marahaba. Hata maji hajanywa, nikamwekea ngozi ya Kidoa miguuni. Nikasema, Malkia amekufa kwa ndigana.

Mama akaingia jikoni. Damas akaanza kukohoa. Baba akainama, akaigusa ngozi. Baba anawajua ng'ombe wake hata kwa kwato, na huyu kamchuna mwenyewe! Baba Mkubwa akamuuliza, ndiye?

Baba akasema, "Ndiye, kaka. Ndiye Malkia."

Basi nikafurahi. Kidogo tu, maana Baba Mkubwa akaniwekea mkono kichwani, akasema pole sana, mwanangu, najua ulivyomlea. Halafu akasimama. Akasema hamlaumu mdogo wake hata chembe, ila kama ugonjwa umeingia humu, hawezi kuwaacha wale waliobaki. Wote kumi anaondoka nao leo hii, awapeleke kwa rafiki yake njia ya Sikonge.

Kumi! Sisi tutabaki na wanne, na anayekamuliwa ni mmoja tu.

Naandika nikiwa nyuma ya ghala. Baba kafungua zizi kwa mikono yake. Kanitazama mara moja tu, wala hakukasirika. Heri angenichapa!

Nikisema, Baba ni mwongo mbele ya kaka yake. Nisiposema, ng'ombe wanakwenda. Na bado Malkia ni wangu! Andika, Tekla. Bado ni wangu!

Damas kaja mbio. Ng'ombe wamegoma langoni, hawataki kumfuata Baba Mkubwa. Baba Mkubwa anasema nije niwatoe mimi, kwa kuwa mimi ndiye wanayemjua.