Yule Bibi wa Kwenye Tamthilia

Mjukuu wangu Lusajo,

Ugonile, hujambo huko Dodoma? Hapa Ikuti hatujambo, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini sikosi ile tamthilia ya bibi anayefichua wahalifu, hata ikirudiwa. Nikiwa msichana nilikuwa nasafisha kanisa. Siku moja nilianika kitambaa chekundu cha madhabahu uani, kikapotea. Wazee wa kanisa wakaniita, wakasema nimekiiba. Nikabaki kulia tu. Ndipo Mama Tusekile, mjane mzee aliyekuwa akifagia uwanja, akaingia bila kuitwa.

"Kaa nje, mama, tuna shauri," wakamwambia.

"Nitakaa. Ila kwanza njooni mtazame kinyesi cha ndama wa mwinjilisti. Kina nyuzi nyekundu."

Wakaenda, wakarudi wameinamisha vichwa, wakaniomba radhi. Mama Tusekile akarudia ufagio wake. Hakuna aliyemshukuru, hata mimi. Nilikimbilia nyumbani kwa furaha. Alifariki kabla sijapata akili ya kurudi.

Siku hizi kila kipindi kikiisha, namwambia yule bibi wa kwenye runinga, "Ndaga, mama, asante." Babu yako hucheka. Hajui namshukuru nani.

Ni mimi bibi yako,
Anyambilile