Plagi za Nyuma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho yanaendelea kutulia tangu ulipofanyiwa upasuaji. Kaka aliniambia kwenye simu kwamba sasa unasoma gazeti mwenyewe kwa miwani mipya, na unagombana nalo kama zamani. Nilifurahi sana, maana barua hii naomba uisome mwenyewe, usimpe kaka wala wifi akusomee. Sababu utaiona huko mbele. Na magoti je? Unatembea jioni kama daktari alivyosema, au bado unamsingizia mbwa wa jirani?

Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa kuwa nina mgeni. Nimempa kile chumba cha uani kinachopata jua la asubuhi. Habari zake nitakueleza, nipe nafasi tu. Kazini nako ni salama. Watu hawajaacha kupoteza meno yao ya bandia, wala kuyakalia, kwa hiyo sisi tunaoyatengeneza hatulali njaa. Bati la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa.

Ila mimi mwenyewe, baba, nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naanza kufua, naacha nguo kwenye ndoo naenda kufagia. Nafagia nusu ya uwanja, nakumbuka chai jikoni, nafika nakuta imekaukia kwenye sufuria. Juzi kazini nilichonga jino la mbele la mzee mmoja likatoka refu kama la sungura. Mkuu wangu aliligeuzageuza, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Nikarudi kwenye kiti, nikakaa, nikainuka tena.

Basi nikaamua nimshughulikie Shangazi.

Najua kabla hujahamia kwa kaka uliniambia nimuuze kwa yeyote atakayemtaka, hata kwa wanaonunua vyuma. Na jina lenyewe ulimpa wewe, kwa kuwa ni gari linalosema sana na halipendi kuharakishwa. Lakini sikumuuza. Nilimfunika turubai, na kila nilipoona panya anatoka chini yake nilijiambia wiki ijayo nitamtafutia mteja. Sasa ikatokea haja ya gari. Nilipomwasha aliwaka, lakini alitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikageukia chini. Barabarani ndiyo usiseme. Kwenye tambarare anakwenda kwa kusitasita, na pale mlimani karibu na soko alikohoa mara kadhaa akasimama kabisa, na foleni nzima nyuma yangu ikaanza kunipigia honi.

Nilimpeleka kwa fundi wa mtaani, yule tunayemwita Daktari kwa sababu huweka sikio kwenye boneti kabla ya kusema lolote. Alisikiliza, akavuta waya mmoja mmoja, akasema plagi zimekwisha, na pengine hazijabadilishwa tangu mimi nikiwa shule. Za mbele, alisema, hata mimi naweza kuzitoa. Lakini injini hii imelazwa kwa ubavu, na plagi za nyuma zimejificha upande wa ukuta unaotenga injini na abiria, chini ya mabomba yanayoingiza hewa. Alinionyesha mkono wake, na kweli, baba, ule mkono ni wa kukandia unga wa harusi nzima. Haupiti. Yeye inamlazimu kung'oa mabomba yote ya juu, kazi ya siku kadhaa, na uwanja wake ulikuwa umejaa magari ya watu wengine. Akaniambia nimwachie, atalifikia litakapofikika. Nikamwambia siwezi kusubiri. Akaniuliza gari lililokaa chini ya turubai miaka yote hiyo limepata haraka gani. Nikachukua ufunguo, nikaondoka.

Ndipo nikaangalia mikono yangu mimi. Ninyi wenyewe mlikuwa mkiicheka, mkisema ni ya mtoto mchanga. Na kazi yangu ni ipi kama si kuingiza vidole na vyuma vidogo mahali ambapo jicho halifiki? Nikaazima kazini kile kioo kidogo chenye mpini kinachotumika kutazama meno ya nyuma. Kwenye duka la vipuri muuzaji aliniomba nimpigie simu mume wangu ili ahakikishe ni plagi zipi. Nilimwambia mume akipatikana nitamleta, kwa sasa anipe hizi. Akacheka, akanipa, na akaniongezea ushauri mzuri: nisiguse kitu mpaka injini ipoe kabisa, maana kichwa chake ni cha alumini na kikiwa cha moto matundu ya plagi huharibika.

Nilianza Jumamosi asubuhi, Shangazi akiwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Mgeni wangu alitoka chumbani akiburuta kigoda, akakaa karibu na tairi la mbele. Miguu yake imevimba na hawezi kusimama sana, lakini naye ni mtu asiyeweza kukaa bure. Tangu afike ameshona upya mapazia yote ya nyumba hii, hata lile la bafuni. Nilimwambia apumzike, akasema atapumzika akishachoka. Nikampa tochi ashike. Kabla sijachomoa waya hata mmoja akanizuia, akauliza nitajuaje upi unarudi wapi. Akatoa mfukoni nyuzi za rangi, akafunga kila waya uzi wake, na pale unapotoka uzi wa rangi hiyohiyo. Nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Mimi nilikuwa nategemea akili yangu, na akili yangu wiki hiyo nimekwisha kukueleza ilivyokuwa.

Za mbele zilitoka kama ndizi kwenye ganda. Nilipuliza vumbi kwanza kwa pampu ya baiskeli lisidondokee ndani, nikafungua, nikazipanga kwenye gazeti. Zilikuwa nyeusi, na ncha zimelika. Nikaingiwa na kiburi. Nikasema kumbe Daktari ananitisha.

Za nyuma ndizo zilizonishikisha adabu. Nililala juu ya injini kwa tumbo, shavu limebanwa na bomba, mkono mmoja umepita chini huku mwingine umeshika kioo, na mgeni ananimulikia kwa kuelekezwa: juu, chini, kulia, hapo, hapohapo, usitikisike. Ile ya upande wa kulia ilikubali baada ya kunichubua vidole. Ya kushoto ikakubali. Ya katikati ikakataa. Nilimwagia mafuta ya kulainisha kutu, nikasubiri, nikajaribu. Nikamwaga tena. Nikaunga bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikavuta, ikatoa mlio mwembamba kama mlango wa zamani. Ikikatikia ndani, baba, gari limekwisha. Hilo nililijua, lakini mwili wangu haukutaka kujua. Nilitaka tu kuvuta mpaka kitu fulani kiachie, iwe plagi au mkono wangu.

Mgeni akasema, taratibu tu, "Iache kwanza. Irudishe ndani kidogo, halafu nje kidogo. Sindano ikikwama kwenye turubai huivuti."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama anajua sana kuacha vitu, hilo nimekwisha kuliona. Sasa aje ashike yeye, tuone kama anajua na kubaki. Niliyasema nikiwa nimeinama mle ndani, sikumwona uso. Nilisikia kigoda kikisogea. Nikadhani amekwenda zake chumbani. Kumbe ameinuka kwa miguu yake ile, amezunguka upande wa pili, ameegemea bodi ya gari. Akapenyeza mkono wake chini ya bomba lile, ukapita bila kugusa, akauweka juu ya wangu kwenye spana. Mkono wake na wangu ni sawasawa. Hata kidole gumba kinapinda vilevile.

Tuliirudisha ndani kidogo, tukaitoa kidogo. Mafuta, tukasubiri. Ndani, nje. Jua lilihama kutoka mgongoni kwangu likaenda ukutani. Mwishowe ikalegea, ikaanza kuzunguka kwa hiari yake, ikatoka nzima. Mimi nikakaa chini kwenye mafuta na vumbi, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Yeye alifuta ile plagi kwa khanga yake, akaiweka kwenye gazeti pamoja na wenzake.

Nadhani umekwisha kuelewa, baba. Mgeni wangu ni mama.

Alikuja na mfuko mmoja, akasema anapita tu kwenda kwa dada yake, atalala siku mbili. Nilifungua mlango nikaona uso wangu umezeeka. Aliingia jikoni kutafuta kijiko, akafungua droo ya chini bila kuuliza, palepale vinapokaa mpaka leo. Zile siku mbili zilipokwisha hakuna aliyezitaja. Nimempeleka hospitali kubwa. Moyo wake umechoka, na daktari alizungumza na mimi pembeni. Alisema dawa zinasaidia, lakini kama kuna safari au watu wa kuonana nao, tusiahirishe. Basi la kubanana hawezi. Akikaa miguu ikining'inia muda mrefu, inazidi kuvimba. Inabidi alaze kiti kidogo na ainue miguu. Ndiyo haraka ya Shangazi ambayo sikuweza kumweleza fundi.

Wewe ulituambia mama alichagua kwao. Sikukulaumu, nilikuwa mdogo, nikakua na jibu hilo hivyohivyo. Jioni ya siku ile, tulipokuwa tunanawa mikono kwa sabuni ya unga, nilimuuliza kwa nini aliondoka. Hakutaka kusema. Nilimkalia kooni. Akaniambia alikuwa na cherehani mbili pale chumba cha mbele, alizozipata kwa kushona sare za shule miaka na miaka, na alikuwa anataka kuongeza ya tatu na kuajiri msichana. Akaenda kumzika bibi. Aliporudi akakuta chumba cha mbele kitupu, na uani kuna gari linang'aa, Shangazi huyuhuyu, wewe unalipangusa na sisi watoto tunapiga honi. Ulimwambia umemfanyia mshangao.

Nilingoja akuseme. Hakukusema. Alisema, "Baba yako hakuwa mwizi. Alikuwa na haraka ya maisha, na mimi nilikuwa na hasira. Vitu hivyo viwili havikai nyumba moja." Kisha akaniambia kosa lake yeye ni kutuacha sisi ndani ya hasira hiyo, na kwamba alirudi mara moja akafika mpaka getini, akatuona tunaoshwa miguu kwenye bomba, tunacheka, akageuka. Sijui kama nimemsamehe, baba. Siku nyingine namletea dawa na moyo mweupe, siku nyingine naweka glasi mezani kwa kishindo. Yeye hunywa zote mbili.

Plagi mpya za nyuma tuliziingiza Jumapili. Nilichomeka kila moja kwenye kipande cha mpira wa petroli, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika yenyewe, ndipo nikakaza kwa spana, kidogo tu. Waya zikarudi kwa rangi zake. Nilipowasha, Shangazi alinyamaza kwanza kama anayefikiri, halafu akawaka, akatulia. Ukiweka glasi ya maji juu ya boneti haitikisiki. Daktari alipopita alisimama, akaweka sikio, akaniuliza nani ameitengeneza. Nikasema sisi wawili. Nilimpandisha mama kiti cha mbele, tukaukwea mlima wa sokoni bila kukohoa. Alishika mpini wa mlango njia nzima, akasema kiti ni kizuri. Hajawahi kukikalia kabla ya siku hiyo.

Sasa nakwambia nilichoandikia barua hii. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, tutakuja. Tutafika kabla ya mchana. Kaka sijamwambia, yeye alikuwa mkubwa mama alipoondoka, na najua kwake kidonda kina makali kuliko kwangu. Nimeona nianze na wewe. Ukiona vema, mwambie.

Kama uko tayari kumwona, acha geti wazi. Kama huwezi, lifunge tu, usimtume mtu wala usitoke kujieleza. Nitageuza gari palepale barabarani, na mimi nitaendelea kuwa mwanao kama siku zote. Maneno haya ya geti ni ya mama mwenyewe, ndiye aliyenitaka niyaandike. Nilimuuliza kama haitamuuma, kusafiri mbali kiasi hicho na hali yake, akute limefungwa. Akasema angalau atakuwa amepanda cherehani zake.

Nisalimie kaka na wifi, na wajukuu wako wote, hasa yule anayekuficha miwani. Usisahau matone ya macho asubuhi na jioni. Mimi bado sijatulia, ila sasa najua ninachongoja.

Wako akupendaye na kukuheshimu,

binti yako kitindamimba,
Chiriku