Sweta la Kunyweshea Ndama

Mkwe wangu,

Nimetoka, nitarudi jioni. Maziwa ya ndama yapashe moto kidogo tu, yasichemke. Mpe kwa ndoo, avinyonye vidole vyako kama ulivyomzoesha.

Asubuhi nilijaribu mimi, akanigomea katakata. Tangu mama yake afe anakujua wewe tu. Nikavaa sweta lako, akanywa mpaka akalamba ndoo! Nami nilikuwa nakucheka, eti unabembeleza mnyama. Asante, mwanangu. Bila wewe tungeshamzika.

Ila nimeharibu: sweta liliroa mate, nikalifua. Harufu yako yote imekwenda na sabuni. Likikauka, livae tena.

Kesho ukienda kwenu ~~usikawie~~ kaa utakavyo, lakini sweta niachie. Atakayelinusa si ndama peke yake.

Mama