Kiti cha Fundi

Kaka yangu,

Ndege ya vita ya babu imekamilika. Rangi imekauka, na panya waliozaliana ndani ya bawa wamehama wakinuna. Rubani ananitania, "Haya bi fundi, kesho hakuna kujificha chooni!" Maana unaikumbuka sheria ya babu tangu vitani: fundi aliyefunga injini lazima apande safari ya kwanza, asije akafunga kizembe. Kiti hicho cha fundi babu alikuwekea wewe, hata baada ya kuondoka kwako nyumbani. Tulimzika babu Jumatatu, simu yako haikupatikana. Injini nimeimalizia peke yangu, kwa hiyo nitapanda mimi. Siogopi kuanguka, kaka. Naogopa kutua salama nikakosa wa kumsimulia.

Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako